Dosie bila jibu: wahitimu wa sheria Goma na milango ya mawakili

Bahasha ya kaki, nakala ya diploma iliyogongwa muhuri, barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa, picha mbili ndogo. Kwa mhitimu wa sheria mjini Goma, hiyo ndiyo dosie. Asubuhi huichukua, hupanda pikipiki kutoka Ndosho au Majengo hadi katikati ya mji, hupangusa vumbi jeusi la volkano kwenye viatu, kisha hupanda ngazi za jengo lenye vibao vya mawakili. Sekretari hupokea bahasha, huiweka juu ya nyingine zilizotangulia, na kusema maneno ambayo wahitimu wa Goma wameyazoea: acha namba, tutakupigia.

Simu haipigwi. Wiki ya kwanza huwa ya matumaini. Ya pili, simu inalindwa isizimike, katika mji ambao umeme si wa kutegemea. Ya tatu, mama anauliza kwa upole kama wale watu wamesema neno. Mwezi ukiisha mhitimu anajua, ingawa hakuna aliyemwambia. Hakukubaliwa wala hakukataliwa. Ameachwa tu.

Wapo wanaoacha dosie katika ofisi 10 au 15 kabla ya kupata jibu moja la wazi, na jibu hilo mara nyingi ni hapana. Wapo wanaokata tamaa baada ya tatu. Tofauti kati ya makundi haya mawili si akili wala alama za chuo. Mara nyingi ni kwamba wa kwanza alipata mtu wa kumweleza kwa nini.

Miaka 2 ambayo diploma haiwezi kuiruka

Kukosa kazi si habari mpya Goma. Lakini kukosa staji, kama wenyeji wanavyoyaita mafunzo ya uwakili kwa neno lililotoka kwenye Kifaransa, ni jambo jingine. Kwa mujibu wa amri-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, ambayo ndiyo msingi wa taaluma ya uwakili nchini Kongo, mtu hawi wakili kwa diploma peke yake. Pamoja na masharti mengine, lazima aingizwe katika orodha ya wanaofanya staji katika baraza la mawakili, ale kiapo mbele ya mahakama ya rufaa, kisha afanye kazi miaka 2 chini ya wakili aliyekomaa, ambaye huitwa patroni.

Katika miaka hiyo kijana huhudhuria mahakamani, hufuata mafunzo ya baraza, huandaa nyaraka za patroni wake, na hutumwa kuwatetea watu wasio na uwezo wa kulipa. Sheria hiyo hiyo inataka kila baraza la mawakili liwe na ofisi ya ushauri wa bure, na mzigo wa kazi hiyo huwaangukia zaidi vijana wa staji. Asiyepata patroni hawi nusu wakili. Anabaki mtu mwenye karatasi.

Nyuma ya karatasi hiyo kuna familia. Wengi wa wanaobisha milango leo walisoma kwa mfumo wa zamani, miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya licence, na ada ililipwa kwa maharagwe ya Rutshuru, kwa ng'ombe aliyeuzwa Masisi, kwa biashara ndogo ya kuvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi na kurudi. Tena katika mitaa ya Goma mwanafunzi wa sheria huanza kuitwa "Maître" akiwa bado mwaka wa kwanza. Jirani anayeuza makala humwita hivyo, watoto humwita hivyo, hata mjomba anayemtania humwita hivyo. Jina hilo linapendeza wakati wa masomo. Baada ya diploma, mwaka mzima bila patroni, kila anayelitaja anakuwa kama anayemdai.

Meza mbili, vyumba viwili

Ni rahisi kudhani kwamba mawakili wa Goma wana roho mbaya. Hali ya kabine zao inaeleza mengi zaidi. Chuo Kikuu cha Goma, Université Libre des Pays des Grands Lacs na vyuo vingine vya mji vinatoa wahitimu wa sheria mwaka hadi mwaka, ilhali kabine nyingi ni vyumba viwili: kimoja cha sekretari na wateja wanaosubiri, kingine cha mawakili wawili au watatu wanaogawana meza na kompyuta. Kijana anayeongezwa hapo anahitaji kiti, na anahitaji mtu wa kumfundisha. Patroni anabeba pia lawama ya makosa yake, kwa sababu nyaraka iliyowasilishwa nje ya muda humpoteza mteja wa patroni, si wa mwanafunzi.

Malipo ni suala jingine. Vijana wengi wa staji hawapati mshahara, wanapewa nauli na wakati mwingine hata nauli haipo. Patroni mwenye dhamira hujiuliza kama ni haki kumpokea kijana ambaye atashinda na njaa. Asiyejiuliza hivyo humpokea na kumtuma maji. Basi ile hapana ya kwanza, ijapouma, wakati mwingine ndiyo ya heshima zaidi.

Kuna pia suala la kujuana, na hakuna sababu ya kulifunika. Kabine nyingi hupokea mtoto wa rafiki, mwanafunzi wa zamani wa wakili anayefundisha chuoni, mtu wa parokia moja, mtu wa eneo moja. Katika mkoa ambao mizozo ya makabila imemwaga damu kwa zaidi ya miaka 30, kijana ambaye jina lake la ukoo linasomeka vibaya mlangoni analihisi hilo kabla hajakaa. Hakuna barua ya kukataa itakayoliandika. Ndiyo maana ukimya unaumiza kuliko neno: unamwachia mtu nafasi ya kujaza sababu mwenyewe, naye hujaza ile iliyo mbaya kuliko zote.

Siku mahakama zilipopungua kazi

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza kutekelezwa katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri. Magavana wa kiraia walipisha maafisa wa jeshi na polisi, na kesi za jinai zikahamishwa kutoka mahakama za kiraia kwenda mahakama za kijeshi. Wiki mbili baadaye, usiku wa Mei 22, Nyiragongo ikalipuka, na siku chache baada ya hapo sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Minova na ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda. Waliokumbuka kubeba diploma walikuwa na bahati.

Kwa wakili mkongwe, mabadiliko hayo ya mahakama yalikuwa usumbufu. Kwa kijana wa staji yalikuwa pigo, kwa sababu kesi ndogo za jinai ndizo shule yake: wizi wa pikipiki, ugomvi wa baa, kijana aliyewekwa mahabusu siku nyingi bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hapo ndipo ulimi hulegea. Kabine zilizopungukiwa na kesi hizo zilipungukiwa pia na sababu ya kuongeza kiti.

Kisha ikaja Januari 2025. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi huo, wafungwa wakatoroka gereza kuu la Munzenze, benki zikafunga milango, na mahakama za serikali mjini zikasimama. Utawala wa mkoa ulihamia Beni, upande wa kaskazini. Mwezi huo huo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya msaada wa sheria katika Kivu zote mbili, ambayo mingi ilitegemea wafadhili wa nje, ikatikisika. Mashirika hayo ndiyo yalikuwa mlango wa pili wa wahitimu wengi. Chama cha mawakili cha Marekani, kwa mfano, kilikuwa na mpango wake Goma tangu 2008, ukisaidia waathirika wa ubakaji na kugharamia mahakama za kuzunguka zilizofuata kesi hadi vijijini.

Kijana aliyepeleka dosie katika wakati huo na kuambiwa hapana hana sababu ya kujichunguza sana. Alibisha nyumba ambayo mwenyewe alikuwa anafunga mizigo.

Wapi lawama ni ya mwombaji

Lakini si kila hapana ni ya vita au ya kujuana, na hili ni gumu zaidi kulisema kwa mtu aliyekwisha kuumia. Zipo dosie zinazojikataa zenyewe.

Barua inayoanza kwa jina la kabine ya jirani ni kosa ambalo sekretari hulikamata kwanza, na hucheka nalo wiki nzima. Hutokea kwa sababu barua moja inanakiliwa sehemu kumi kwenye kompyuta ya kukodi, huku dakika zinahesabiwa. Ipo barua ya aya nne za kumtukuza mwanasheria "mashuhuri" bila kutaja hata aina moja ya kesi anazoshughulikia. Ipo namba ya simu iliyokwisha kubadilishwa, na cheti cha kutokuwa na hatia ya jinai ambacho muda wake umepita.

Kosa kubwa zaidi haliko kwenye karatasi. Patroni anayemwita kijana kwa mazungumzo hamuulizi Montesquieu alisema nini. Humpa karatasi na kumwambia: mteja wetu yuko mahabusu, andika ombi la kuachiliwa kwa muda. Au humuuliza mfanyabiashara wa Birere anayedai dola 3,000 aanzie wapi. Hapa ndipo diploma huanza kutetemeka. Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya Afrika, tarehe 12 Septemba 2012, na taratibu zake za kudai deni ni mkate wa kila siku kwa kabine za mji wa wafanyabiashara kama Goma. Migogoro ya viwanja nayo ni mingi kuliko mawe ya lava, na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inafaa kusomwa na kurudiwa na mtu yeyote anayetaka kukaa kwenye meza ya wakili hapa. Mhitimu aliyezisoma kwa ajili ya mtihani, akazisahau, anajibu kwa nadharia. Patroni anamshukuru, anamsindikiza mlangoni, na hamwambii kitu.

Asipouliza, atakwenda kujibu kwa nadharia ile ile katika kabine ya pili, ya tatu na ya nne.

Namna ya kuuliza bila kumfanya mkubwa ajitetee

Kuuliza kwa nini umekataliwa si desturi iliyozoeleka. Mdogo hamuulizi mkubwa sababu ya uamuzi wake, na wakili, mtu wa maneno, akihisi anahojiwa hujifunga kama shahidi mjanja. Swali la "kwa nini hamkunichukua?" lina harufu ya shauri. Hata likisemwa kwa upole, linamtaka ajitetee.

Njia inayofaa ni kuukubali uamuzi kwanza, kisha kuomba jambo moja dogo. Si mara moja, machungu yakiwa mabichi, wala si baada ya miezi 6, sura ikiwa imesahauliwa. Wiki moja au mbili zinatosha. Na kwa kuwa sekretari ndiye mlinzi wa mlango, yeye hupitiwa kwanza, kwa salamu kamili, na kwa jina lake. Barua rasmi Goma huandikwa kwa Kifaransa, ila ujumbe wa simu baada ya mazungumzo unaweza kuwa wa Kiswahili, na Kiswahili kina adabu za kutosha kwa kazi hii. Kwa mfano:

"Jambo Maître. Samahani kukusumbua. Ni mimi niliyekuja kwa ajili ya staji tarehe 4. Nimeelewa kwamba nafasi haipo, na ninauheshimu uamuzi huo. Ningeomba neno moja tu: katika barua yangu au katika mazungumzo yetu, ni kitu gani ungependa nikirekebishe kabla sijabisha kwa mwenzako? Hata dakika 5 zinatosha, siku utakayopenda. Asante sana, Maître."

Ujumbe huo hauombi uamuzi ubadilishwe, kwa hiyo aliyeupokea hana cha kuogopa. Unaomba kitu kimoja, kwa hiyo anaweza kukijibu akiwa kwenye foleni. Na neno "mwenzako" si la bure. Wakili anayejua kwamba kijana atakwenda kwa mwenzake anaweza kumtaja huyo mwenzake kwa jina, na jina hilo wakati mwingine lina thamani kuliko maelezo yote.

Wengine hawatajibu. Huo pia hauna tafsiri kubwa, watu wana kazi. Kuandika mara ya pili kwa heshima kunaruhusiwa, ila mara ya tatu ni kero.

Jibu likija, kazi huanza upya, kwa sababu watu wachache husema kile wanachomaanisha. "Bado kijana" huweza kumaanisha kwamba aliongea sana. "Nafasi zimejaa" huweza kuwa kweli tupu. "Ujiandae zaidi" ni neno pana mno, na hapo inafaa kuuliza kwa adabu: nijiandae katika maandishi au katika taratibu za mahakama? Sauti moja si hukumu. Patroni mmoja akisema barua ni ndefu, ni maoni yake. Watatu wakisema hivyo, ipunguzwe usiku huo huo. Daftari dogo husaidia hapa: tarehe, jina la kabine, nani aliyepokea, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Si kwa ajili ya kuhesabu machungu. Baada ya majina 8 au 9, daftari huonyesha kama tatizo ni lile lile au kama ni milango tofauti iliyofungwa kwa sababu tofauti.

Ikumbukwe pia kwamba kukataliwa na kabine si sawa na kukataliwa na baraza la mawakili. Wakili binafsi hadaiwi maelezo, ofisi ni yake. Baraza likikataa kumwingiza mtu katika orodha ya staji ilhali masharti ameyatimiza, huo ni uamuzi wa chombo cha kisheria, na unapingwa kwa njia zilizowekwa na sheria, si kwa ujumbe wa simu. Inashangaza ni wahitimu wangapi wa sheria wanaochanganya mambo haya mawili.

Maelezo yanapokuwa na bei

Kwa wasichana, kuomba maelezo kuna hatari ambayo kaka zao hawaijui. Mwaliko wa "njoo tuongee dosie yako" huweza kutajwa saa 2 usiku, katika hoteli ya kando ya ziwa. Wengine huambiwa wazi kwamba kiti kipo, ila kina sharti. Ni siri inayojulikana na wote, na kwa kuwa mji ni mdogo na mawakili wanafahamiana, anayelalamika huogopa kufungiwa milango yote kwa pamoja.

Sheria si bubu juu ya jambo hili. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyobadilisha kanuni ya adhabu ya Kongo, iliufanya unyanyasaji wa kingono unaotumia mamlaka kuwa kosa la jinai lenye kifungo. Kuifikisha kesi kama hiyo mbele, katika mji ambao mahakama zake za serikali zilisimama Januari 2025, ni jambo jingine. Mashirika kama Dynamique des Femmes Juristes, la wanawake wanasheria wenye makao Goma, yamekuwa mahali ambapo msichana anaweza kusikilizwa na mtu anayeijua sheria na kuujua mji pia. Mengine ni tahadhari za kawaida: mazungumzo ya staji hufanyika ofisini, mchana, sekretari akiwepo, na ujumbe wa simu haufutwi. Wakili anayekataa masharti hayo amekwisha kutoa maelezo yake.

Dar es Salaam, Nairobi, London

Goma si mahali pekee ambapo mlango wa uwakili ni mwembamba. Oktoba 2022 Tanzania ilitikiswa na matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 waliondolewa. Kilichofuata kinafaa kuangaliwa kutoka Goma. Badala ya kila mmoja kwenda kujificha na aibu yake, mjadala ukawa wa taifa, na waziri wa katiba na sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Swali la "mbona nimefeli" likageuka kuwa "shule inafundisha nini, na vyuo vinatuletea nani". Goma hakuna anayehesabu ni dosie ngapi zinarudi bila jibu, kwa hiyo kila mhitimu hudhani ni yake peke yake.

Kenya, mhitimu hufanya miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka 5. Uingereza, kwa wale wanaotaka kuwa mawakili wa aina ya solisita, tangu Septemba 2021 miaka 2 ya mazoezi inaweza kukusanywa vipande vipande katika ofisi zisizozidi 4, na kazi ya kujitolea katika kituo cha msaada wa sheria inaweza kuhesabiwa. Huko nako makampuni mengi makubwa hayatoi maelezo kwa walioachwa kwenye barua, hutoa kwa waliofika kwenye mahojiano. Kwa mwanasheria wa Goma, jambo la kuonea wivu ni vile vipande 4. Kijana aliyefanya kazi mwaka mzima katika kituo cha msaada wa sheria, akasikiliza wajane wa Kitchanga na kuandika malalamiko yao, anarudi kwenye kabine na kuhesabiwa kama asiyejua kitu.

Wakati wa kungoja

Hata hivyo mwaka huo si bure mezani pa patroni mwerevu. Vituo vya msaada wa sheria vya vyuo na mashirika ya haki za binadamu huwapa wahitimu kile ambacho darasa halikuwapa: mteja mwenye machozi, asiyejua tarehe, anayesimulia mambo kuanzia mwisho. Kujifunza kumsikiliza huyo, kisha kumwandikia ukurasa mmoja unaoeleweka, ni nusu ya kazi. Barua inayosema "niliandaa malalamiko ya wanawake kadhaa kuhusu urithi wa viwanja, na nimeambatisha mfano mmoja bila majina" husomwa hadi mwisho. Ile inayosema "nina shauku kubwa" haisomwi.

Wengine hugeukia benchi la mahakimu. Mtihani wa 2022 wa Baraza Kuu la Mahakimu, uliolenga kuajiri mahakimu na waendesha mashtaka 5,000, ulivuta wahitimu kutoka pembe zote za nchi, na wapo waliokosa staji wakaibukia huko. Lakini mtihani kama huo hauji kila mwaka, na anayeungoja huku amekunja mikono huweza kuzeeka. Wengine, wenye graduat, huingia katika kundi la watetezi wa mahakama, ambao sheria ile ile ya 1979 inawatambua.

Wapo pia waliokuwa wameanza staji mahakama ziliposimama. Miezi yao inahesabiwaje, wakati hapakuwa na kikao cha kuhudhuria? Baadhi yao walizunguka kupitia Rwanda na Uganda hadi kufika Beni au Butembo, safari ya nchi tatu ili kubaki ndani ya mkoa mmoja. Wengine walibaki, wakasuluhisha majirani kwa mazungumzo, kiwanja kwa kiwanja, deni kwa deni, chini ya mti au sebuleni. Hayo hayaandikwi katika kitabu cha staji.

Na zile bahasha za kaki bado zinapanda ngazi. Siku hizi baadhi zina ukurasa mmoja tu, na juu yake jina sahihi la kabine. Sekretari huzipokea na kuuliza namba. Ila safari hii kijana naye ana swali, analiuliza kwa salamu: dada, nani atakayesoma, na ni siku gani nipite kumsalimia? Wengine huambiwa waende tu, watapigiwa. Wengine huambiwa Alhamisi, saa 4.